Sufuria Izae Kwanza, Ndipo Ife

Mjomba wangu hasomi tena riwaya kwa macho yake mwenyewe. Ujanani alikuwa baharia wa majahazi, Lamu, Mombasa, Unguja na kurudi. Siku hizi mtoto wa jicho amelifunika jicho la kulia, na lile la kushoto analihifadhi kwa Kurani. Riwaya namsomea mimi. Baada ya alasiri huenda kwake Kibokoni, Mombasa, yeye akakaa barazani na kikombe cha kahawa chungu, mimi kwenye kigoda, na watoto wa mtaa wakipita husimama kidogo kusikiliza tumefika wapi.

Mwaka jana tulikuwa na riwaya moja ambayo jina lake naliacha, kwa sababu mwandishi wake bado kijana na ana mengi mbele yake. Katika sura ya pili kuna jini wa kike anayeolewa na seremala wa Majengo. Mjomba alimpokea jini yule bila ubishi wowote. Aliuliza tu kama ni jini wa baharini au wa nchi kavu, na nilipomjibu akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari za jirani. Tukaendelea vizuri hadi sura ya tisa. Hapo kijana mmoja na mchumba wake wamekaa kwenye mchanga wa Nyali, wanalitazama jua likizama polepole baharini.

"Funga," Mjomba akasema.

Nikadhani amechoka.

"Funga kitabu hicho, mwanangu. Yuwasema jua latwa baharini, Nyali! Jua la kwetu latoka baharini, latwa bara. Huyu hajapata kukaa pwani hii hata siku moja."

Kwa hiyo jini alikubaliwa, jua likakataliwa. Nilirudi nyumbani magharibi ile nikiwa na swali ambalo sikuweza kuliacha. Mtu anayesadiki kwamba jini ameolewa Majengo, anashindwaje na kosa dogo la upande wa jua? Na kwa nini kosa hilo dogo liliharibu sura nane zilizotangulia, ambazo alizisikiliza kwa raha?

Tunapoeleza kwa nini riwaya imetuharibikia, mara nyingi husema, "Haiwezekani." Nadhani neno hilo ndilo linalotupoteza njia, maana linachanganya vitu viwili: kuwezekana na kusadikika. Aristotle, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliligusa jambo hili katika kitabu chake kuhusu ushairi. Alisema ni heri mtunzi achague lisilowezekana ambalo linasadikika kuliko linalowezekana ambalo halisadikiki. Miaka mingi baadaye, mwaka 1817, mshairi wa Kiingereza Samuel Taylor Coleridge aliandika kwamba msomaji huiweka kando shaka yake kwa hiari, kwa muda ule anaosoma. Kwa hiari, yaani hakudanganywa wala hakulala. Anajua kabisa kwamba kitabu ni karatasi, na amekubali kusafiri nacho. Aliyekubali kwa hiari anaweza pia kuteremka kwa hiari.

Kiswahili kimeliweka jambo hili wazi kwa neno lenyewe. Shaaban Robert alipoandika mwaka 1951 kuhusu nchi iliyo angani, aliiita Kusadikika. Nchi haiwezi kuning'inia hewani, lakini hakuna msomaji anayesimama ukurasa wa kwanza kuuliza imeshikwa na nini. Tunamfuata Karama, mshtakiwa, hadi barazani, tunayasikiliza mashtaka ya waziri Majivuno, na tunasadiki kila kitu, kwa sababu kitabu kinapima haki na dhuluma, na vipimo vya haki na dhuluma huko angani ni vile vile tunavyovijua sisi wa chini. Kama siku ya hukumu Majivuno angegeuka mtu mwema ghafla bila sababu, hapo ndipo tungesema haiwezekani, ingawa mtu kugeuka mwema kunawezekana zaidi kuliko nchi kuelea.

Ili kulieleza hili vizuri sihitaji kwenda mbali. Kisa cha Abunuwasi na sufuria tunakijua tangu utotoni. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani. Alipoirudisha, ndani yake mlikuwa na sufuria ndogo. "Sufuria yako ilikuwa na mimba," akamwambia, "imezaa kwangu." Jirani akafurahi, akazichukua zote mbili. Siku nyingine Abunuwasi akaja tena kuazima, jirani akampa upesi. Safari hii siku zikapita, sufuria haikurudi. Jirani alipoifuata akaambiwa, "Pole sana, imekufa." Akapandisha sauti: tangu lini sufuria ikafa? Naye Abunuwasi akamjibu kwamba aliyesadiki sufuria imezaa, hana budi kusadiki kwamba imekufa.

Tumezoea kukisoma kisa hiki kama funzo la tamaa. Mimi nikimtazama Abunuwasi kama mtunzi, naona fundi. Hakuanza na kifo. Laiti angeazima siku ya kwanza na kurudi mikono mitupu akisema sufuria imefariki, angeburutwa kwa kadhi siku ile ile. Kati ya ziara ya kwanza na ya pili, ni nini kilichobadilika? Sufuria ni zile zile, na shaba haizai wala haifi. Kilichobadilika ni kwamba imewekwa sheria: katika hadithi hii, sufuria zina uhai. Na jirani ameitia sheria hiyo sahihi kwa mkono wake, pale alipokipokea kile kisufuria.

Msomaji wa riwaya naye hupokea kisufuria. Mwanzoni anapewa jini, au mzimu, au tajiri aliyepotea miaka 30 akarudi bila kujulikana, na anapewa pamoja nacho raha ya kushangaa na kutaka kujua. Akishapokea raha hiyo, yuko tayari kupokea na gharama yake baadaye. Riwaya inayotuudhi huwa imeupindua mpangilio huu. Ndani ya kurasa 200 sufuria ni sufuria tu, inapikiwa wali, na ukurasa wa 201, mwandishi anapobanwa na hadithi yake mwenyewe, sufuria inakufa.

Hapo nikaanza kumwelewa Mjomba. Jini wa Majengo ni sufuria iliyozaa mapema, ikazaa vizuri. Lakini mwandishi hakutuambia popote kwamba katika Mombasa yake jua linakwenda kinyume. Alilitaja kama jua la kila siku, na kwa kufanya hivyo yeye mwenyewe alimwomba Mjomba alipime kwa jua la kila siku. Lingegeuzwa jioni ile na jini, kwa kuwafurahisha wapenzi wawili, nina hakika Mjomba angeomba kahawa nyingine tu na kuniambia niendelee.

Makosa ya namna hii, ya mahali na majira, yana maumivu yake ya pekee kwa wasomaji wa pwani, kwa kuwa pwani yetu huandikwa sana na watu walioiona kwenye picha. Nimekutana na jahazi la tanga linaloingia Bandari ya Kale kutoka Maskati mwezi wa Julai, wakati kusi limeshika na kila mzee anajua kwamba majahazi ya Uarabuni yalikuja na kaskazi, kati ya Desemba na Machi, yakarejea upepo ulipogeuka. Nimesoma mkesha wa Idi ya Ramadhani wenye mwezi mpevu unaomulika paa za Mji wa Kale. Idi hiyo huandama na mwezi mwembamba kama ukucha, unaotafutwa kwa tabu magharibi na kuzama upesi. Mwezi mpevu usiku ule ni muujiza mkubwa kuliko jini yeyote. Nimesoma pia gari linalotoka kisiwani miaka ya themanini na kufika Ukunda kwa dakika ishirini, bila feri ya Likoni kutajwa hata kwa jina. Miaka ile gari lilipanda feri, au lilizunguka mbali sana kupitia Kinango. Aliyewahi kupanga foleni pale na jua la saa saba utosini hawezi kuisahau feri, na kwa hiyo hawezi kumsadiki dereva aliyeisahau.

Kosa kama hilo halibadilishi lolote katika mapenzi ya wahusika wala katika siri yao, na bado linauma, kwa sababu linagusa dhamana. Mwandishi wa riwaya hunieleza mengi ambayo siwezi kuyahakikisha: moyo wa mjane ulivyo usiku, mwizi anavyofikiri. Namkopesha imani kwa yale nisiyoyajua, na rehani yangu ni yale ninayoyajua. Akikosea nilipo na ujuzi, rehani inapotea, nami naanza kumshuku hata kwenye moyo wa mjane.

Ndiyo maana kosa moja humuua msomaji mmoja na kumwacha mwenzake mzima. William Golding, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1983, katika riwaya yake ya 1954, Lord of the Flies, ana watoto waliokwama kisiwani ambao wanawasha moto kwa miwani ya mwenzao. Mtoto yule haoni mbali. Miwani ya asiyeona mbali ina kioo chembamba katikati na kinene pembeni, nayo huutawanya mwanga. Kioo cha kuukusanya mwanga hata ukawasha majani ni kile kinene katikati, cha wazee wasioona karibu. Moto ule, basi, haukuweza kuwaka. Mamilioni wamesoma bila kugundua, na riwaya haikuwapungukia kitu. Mpe fundi wa miwani wa Digo Road, na huenda akaweka kitabu chini pale pale. Kitabu ni kile kile. Wasomaji wamekijia na rehani tofauti.

Jamii ya pili ya makosa ni kubwa zaidi, nayo ni sadfa, yaani mambo kukutana kwa bahati tu. Wanafunzi wetu hufundishwa kuiorodhesha kama mbinu ya fasihi, pamoja na taharuki na kisengere nyuma, wakapewa alama zao wakaenda. Ningependa wafundishwe pia kuuliza: sadfa hii imemfanyia nini mhusika? Kwa sababu kuna tofauti kubwa kati ya sadfa inayomwingiza mtu matatani na ile inayomtoa. Binti anakimbia nyumbani usiku, na matatu anayoipanda ikawa ni ya mtu yule yule anayemkimbia: tunakaa sawa kwenye kiti, tunageuza ukurasa. Binti amefungiwa stoo Changamwe, na anayepita nje kwa bahati akawa ni kaka yake aliyepotea: tunavuta pumzi kwa unyonge. Uwezekano wa mambo hayo mawili unakaribiana. Lakini la kwanza linafungua hadithi na kumtaka binti afanye kitu, wakati la pili linaifunga na kumnyang'anya kazi yake. Tulitaka kuona atatokaje. Ametolewa.

Padri wa Kiingereza Ronald Knox, aliyekuwa pia mtunzi wa hadithi za upelelezi, aliandika mwaka 1929 kanuni kumi za kazi hiyo. Mojawapo inakataza sadfa kumsaidia mpelelezi. Nyingine inasema mapacha na watu wanaofanana wasitokee ila msomaji awe amekwisha kutayarishwa. Hiyo ya pili ni sufuria ya Abunuwasi kabisa: pacha hakatazwi, azaliwe mapema tu.

Jambo moja sijaliona likielezwa sana, nalo ni kwamba mahali penyewe panaweza kuitengeneza sadfa ikawa si sadfa. Ndugu wawili waliopotezana wakikutana kwenye kichochoro cha mji wasioujua, tunakunja uso. Wakikutana kwenye feri ya Likoni, ambapo watu wengi wa kusini hupita, tunakubali. Na wakikutana matangani hatuoni sadfa hata kidogo. Msiba wa Mombasa hukusanya watu kutoka Lamu, Tanga na Jeddah. Mashangazi wasiosemezana miaka kumi hukaa mkeka mmoja. Wanaodaiwa hukutana na wanaowadai. Matanga yako kwa ajili hiyo. Mwandishi anayehitaji kuwakutanisha watu kumi waliotawanyika asiwape bahati kumi, awape maiti mmoja.

Hapa kuna pingamizi ambalo nalisikia sana barazani, na si pingamizi dogo. "Bahati hakuna," mzee mmoja aliniambia, "kuna kadari. Mola akitaka ndugu wakutane watakutana hata chooni. Wewe nani useme haisadikiki?" Wengi wetu tumelelewa hivyo, na tumekulia pia kwenye picha za Kihindi, ambamo mama hupotezana na wanawe mwanzoni, na kila mtazamaji ukumbini anajua kwamba mwisho wataungana kwa wimbo au alama ya mwilini. Hatukuudhika. Tulilia.

Nalichukua pingamizi hilo kwa uzito wote. Jibu langu ni kwamba kadari katika hadithi nayo ni sheria, na lazima isikike tangu mwanzo. Katika picha zile iliwekwa mezani kabla ya nyimbo kuanza: mama anasali, anaahidi, anangoja. Kutimia kwa ahadi si kosa, ndiko kulikotupeleka ukumbini. Aristotle naye alisimulia habari ya sanamu ya mtu aitwaye Mitys huko Argos, iliyomwangukia na kumwua yule aliyemwua Mitys, akasema mambo kama hayo watu hawayaoni kuwa ya bure bure. Sanamu kumwangukia mpita njia ni ajali. Kumwangukia muuaji wa mwenye sanamu ni hukumu. Kinachosumbua, basi, ni mwandishi ambaye kwa sura kumi amesimulia dunia ya stakabadhi, mawakili na vipimo vya hospitali, isiyokuwa na Mungu wala dua, kisha sura ya kumi na moja akamwita Mola aje kumalizia kazi aliyoshindwa nayo. Msomaji mcha Mungu anapaswa kuudhika zaidi kuliko mwingine.

Lakini katika yote haya, linaloniharibia riwaya kuliko jua na kuliko sadfa ni mhusika aliyetumwa. Naliita hivyo kwa sababu ya watoto tunaowatuma dukani: mtoto alikuwa anacheza, hakutaka kitu dukani, lakini mkubwa amemtuma, basi anakwenda. Kuna wahusika wanaotumwa namna hiyo. Mtu mwerevu, mwenye hadhari, karani wa forodha aliyekula chumvi nyingi, anakwenda peke yake saa sita za usiku kwenye ghala la Kilindini, bila kumwambia mkewe, kumfuata mtu aliyemtishia maisha. Kwa nini? Kwa sababu mwandishi anataka atekwe. Karani mwenyewe hakutaka kwenda.

Au siri. Nimesoma riwaya ambayo binti anaficha mimba miezi tisa ndani ya nyumba ya Mji wa Kale. Nyumba ina bibi. Kichochoro ni chembamba kiasi kwamba jirani wanaweza kupeana chumvi dirisha kwa dirisha. Bibi wa mtaa ule hujua kwa harufu nani amekaanga samaki gani, na kwa mlio wa kiatu nani amerudi saa ngapi. Naye hakuona! Hakuona kwa sababu mwandishi alimtuma asione. Na uchungu wangu ni kwamba ndani ya kosa lile mlikuwa na riwaya bora kuliko ile iliyoandikwa: bibi ameona tangu mwezi wa tatu, mtaa mzima umeona, na wote wamekubaliana bila kusema neno kwamba hawajaona. Hiyo ningeisoma usiku kucha.

Kosa la mahali humsumbua anayepajua. Kosa la moyo humsumbua kila mtu, kwa sababu kila msomaji ni mwenyeji wa huko. Ndiyo sababu riwaya zenye ramani mbaya huishi, na zenye watu wa kutumwa hufa hata kama kila barabara imepimwa kwa futi.

Simu za mkononi zimeongeza taabu. Misuko mingi ya zamani ilisimama juu ya barua iliyopotea au nauli iliyokosekana. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mhusika wa Kenya anayeshindwa kufika mazishini kwa kukosa shilingi mia tano anahitaji maelezo, na wapenzi wanaoachana kwa kutokuelewana ambako kungemalizwa na simu ya dakika mbili wanahitaji maelezo zaidi. Dawa ya kila mara kuizimisha simu chaji si dawa. Afadhali kiburi: asipige kwa sababu hataki kuwa wa kwanza kupiga. Hilo tunalisadiki, maana tumelifanya.

Waandishi wengi wakiambiwa haya hujitetea kwa neno moja: "Lakini ilitokea kweli." Nawaelewa, na nina mfano wa kuwapa kutoka hapa hapa, chini ya kuta za Ngome ya Yesu. Sultani wa Mombasa, Hassan, aliuawa mwaka 1614 kwa hila ya Wareno. Mwanawe mdogo Yusuf alipelekwa Goa, koloni ya Wareno huko India, akalelewa na watawa, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo. Alirudi mwaka 1626 akiwa mfalme Mkristo chini ya Wareno wale wale. Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamwua kapteni kwa mkono wake, akaiteka ngome, akarudi kwenye Uislamu, na Wareno wa mji wakauawa. Mwaka uliofuata merikebu za Goa zilikuja kumtoa na zikashindwa. Kisha huyo mshindi akaiacha ngome aliyoipigania, akapanda merikebu, na akamalizia maisha yake baharini kama haramia.

Niletee huo kama mswada wa riwaya na nitaujaza alama za kuuliza. Miaka mitano ya utiifu, kisha siku moja? Na kwa nini ameiacha ngome baada ya kushinda? Historia haina haja ya kunishawishi. Ina barua, ina makaburi, ina ngome yenyewe pale inaniangalia. Riwaya haina mashahidi hao. Shahidi wake pekee ni moyo wa Yusuf, na kama mwandishi hakunipeleka kwenye kaburi la baba yake mapema, kwenye sura ambayo hakuna chochote kinachotokea ila kijana amesimama kimya na jina ambalo si lake, basi jambia la 1631 litakuwa ni kweli na halitasadikika.

Kuna jambo la mwisho lililonibadilisha mawazo kuhusu jioni ile ya Kibokoni. Mwaka 2000 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Melanie Green na Timothy Brock, walichapisha majaribio kuhusu watu wanavyozama katika hadithi. Waliwapa wasomaji hadithi, kisha wakawaomba wazungushie kalamu kila sehemu iliyosikika kuwa ya uongo. Waliozama zaidi walizungushia sehemu chache. Maandishi yalikuwa yale yale, lakini aliyekuwa ndani hakuyaona makosa ambayo aliyekuwa nje aliyaona.

Maana yake, tunapolilaumu tukio fulani kwamba ndilo lililotutoa riwayani, pengine tulikwisha kutoka zamani. Nilikirudia kile kitabu peke yangu. Kuanzia sura ya sita, yule mchumba alikuwa ameacha kusema kama msichana wa Mombasa. Alikuwa anasema kama tangazo la hoteli. Seremala, ambaye mwanzoni tulimjua hadi namna anavyonusa mbao kabla ya kuzikata, alikuwa hapigi randa tena. Na nikakumbuka kwamba sura ya saba Mjomba alivua kofia na kuivaa mara mbili, na sura ya nane aliniuliza bei ya nyanya. Jua lilikuwa ni mlango tu wa kutokea. Miguu ilikuwa imesimama kitambo. Laiti seremala angekuwa bado ananusa mbao zake, huenda jua lingezama baharini na Mjomba asilione.

Nilimwambia hivyo. Hakukubali sana. Alisema jua angeliona hata akiwa usingizini. Lakini baada ya muda akauliza, "Yule jini kisa chake kiliishia wapi?"

Nikamwambia sijui, tuliishia pale ufukweni.

Akanyamaza, akazungusha kahawa kikombeni. "Watoe jua. Sema wangojea mwezi. Mwezi mpevu watoka baharini pale pale Nyali, jua likitwa nyuma yao. Hilo n'meliona mara nyingi." Kisha akaniinulia kidole. "Yasema ni tarehe ngapi ya mwezi?"

Nikapekua kurasa za nyuma. Mwandishi hakutaja.

"Basi tia kumi na nne," akasema. "Soma."